Bi Pasi wa Chama cha Mkono Mmoja

Ndugu jamaa, majirani, na nyote mliotoka makwenu asubuhi hii kuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Pasi, na wapo hapa waliomjua miaka mingi bila kujua kwamba ana jina jingine.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, baba akiwa mpaka rangi wa majumba na mama akiuza maziwa nyumba kwa nyumba, na inasemwa kwamba alitembea mapema kuliko sisi wote kwa sababu alichoka kubebwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1960 na sekondari mwaka 1967, akipenda hesabu na kulikwepa somo la kuimba, lakini Mei 1969 mama alianguka jikoni, akapooza upande mmoja, na dada, akiwa kidato cha tatu, aliacha masomo ili amuuguze. Mama tulimpenda sana, tukamlisha, tukamvisha, tukamgeuza kitandani, tukamkataza hata kushika kitana, na alipofariki Novemba 1970 hakuwa amejiinulia tena kikombe kwa mkono wake. Dada hakumlaumu mtu kwa hilo, maana yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia kijiko, ila alikuwa akisema, "Tulimhurumia mama mpaka tukamnyang'anya mikono."

Tarehe 1 Machi 1971 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali kuu, akaanzia kwenye masinki, akahamia meza ya kupigia pasi, na mwaka 1984 akafanywa msimamizi wa zamu ya asubuhi, mahali pa mvuke na ngurumo za mashine, ambako mtu hasikiki mpaka apaze sauti, tabia aliyokuja nayo nyumbani na hatukuweza kumwachisha. Jina la Bi Pasi alipewa huko, na wenzake wanasema halikuwa la kazi tu, ni kwamba akipita yeye kila kitu hunyooka, watu wakiwemo.

Huko huko alikutana na shemeji yetu, mpiga chapa wa vitabu, aliyekuja kulazwa kwa homa akiwa amevaa shati lenye doa la wino ambalo aliona haya kulivua. Dada alilitoa lile doa, akamrudishia shati lake, na baada ya kupona shemeji alirudi na shati jingine lenye doa, ambalo dada alishikilia hadi juzi kwamba lilipakwa makusudi, na shemeji hajawahi kukana. Walifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1974, wakajaliwa binti, kifungua mimba, mwaka 1976, ambaye ni mpima ardhi, na wavulana pacha mwaka 1980, mmoja fundi umeme na mwingine mwalimu, na wajukuu saba.

Tarehe 3 Februari 1997, akiwa kazini, mguu wa kulia ulikataa kumsikia, akaangukia kwenye rundo la mashuka, ulimi ukawa mzito kama si wake. Alikuwa amejua kwa miaka mitatu kwamba ana presha, na vidonge alikuwa navyo kwenye droo, akivimeza siku ambazo kichwa kinamgonga na kuvisahau siku ambazo kimetulia, na aliposimulia habari hii baadaye hakusingizia kazi wala jicho la mtu, alisema, "Vidonge vilikuwa vyangu, na droo ilikuwa yangu."

Aliporudishwa nyumbani sisi tulianza pale pale tulipoishia kwa mama, binti akimlisha, mimi nikimbeba hadi bafuni, majirani wakimsemea kabla hajamaliza neno, mpaka mchana mmoja alipofunga mdomo mbele ya kijiko cha chai, akamtazama mumewe, akasema kwa ulimi ule uliokuwa ukiteleza, "Nipeni mwenyewe." Binti yake alilia, akasema, "Mama, utajiunguza," naye akajibu, "Basi acheni ipoe." Shemeji alikiweka kikombe upande wa kulia, ule uliopooza, kisha akakaa kando akiwa amekalia mikono yake mwenyewe ili isije ikamponyoka ikaenda kusaidia. Chai yote iliishia kifuani, na kesho yake vilevile, na kwa muda mrefu nyumba ile ilifua nguo kuliko hospitali.

Mtaalamu wa viungo alimfundisha mazoezi, naye akayageuza kuwa kazi aliyoijua, akaanza kukunja leso, kisha taulo, kisha foronya za mito, akikosea, akitukana kwa sauti ya chini, akianza upya, na vidonge akavimeza kila asubuhi kabla ya kumsalimia mtu. Januari 1998 alirudi kazini, akichechemea, akapangiwa meza ya kukunjia.

Kutoka meza ile aliwaona kila siku watu waliopooza kama yeye wakiletwa kliniki wamebebwa, wamefunikwa, hawaulizwi kitu, akasema na mkuu wa wauguzi, akapewa chumba cha zamani cha kukaushia nguo, Jumamosi asubuhi, kwa sharti kwamba muuguzi awepo na mashine ya kupimia presha. Tarehe 5 Septemba 1998 aliwaweka watu wawili wawili, kila mmoja akiwa na mkono mmoja mzima, akawapa shuka moja walikunje pamoja, na watani wa mtaani wakawaita Chama cha Mkono Mmoja, jina ambalo wenyewe walilipokea wakalishona kwenye kitambaa cha mlangoni.

Hakuwa mtu wa hotuba, wala hakudai kwamba moyo wa ujasiri unaponya kila kitu. Dereva mmoja mstaafu, aliyepata nafuu haraka, alitangaza kwamba amezitupa dawa, akamwambia, "Si wewe uliyesema nguvu iko ndani ya mtu, Bi Pasi?" Naye akamjibu, "Ipo. Sasa iambie ikunyanyue ukachukue dawa." Dereva yule yupo hapa leo, amekuja kwa miguu yake.

Aliyemshinda kwa muda mrefu ni mume wake, ambaye alimvusha katika yote lakini mwenyewe hakutaka kupimwa, akisema hana kitu, na dada hakumlazimisha, alimwambia tu, "Siwezi kukumezea." Jumamosi moja ya Aprili 2006 watu walikuwa pungufu, mmoja akabaki hana mwenzake, dada akampigia shemeji simu aje akunje shuka, akaja, akakunja vibaya, na walipomaliza alikaa kwenye kiti cha muuguzi bila kuambiwa, akakunja mkono wa shati. Muuguzi alipima, akapima tena, kisha akamwomba asisimame, wakamlaza siku hiyo hiyo. Dada alimshika mkono njiani hadi wodini, na ndiyo mara pekee tuliyomwona akilia kazini. Shemeji ana miaka sabini na tisa sasa, ameketi hapa mbele yenu.

Dada alistaafu mwaka 2007 lakini Jumamosi hakustaafu, na leo vipo vyumba kama kile katika hospitali nyingine nne. Tarehe 22 Agosti mwaka huu wa 2023 alipata kiharusi cha pili, akiwa amemeza dawa zake asubuhi hiyo kama kawaida, na familia inataka hili lieleweke, kwamba hakuzembea wala hakuishiwa nguvu, alitimiza upande wake, na ugonjwa nao ukaja. Alifariki Alhamisi tarehe 31 Agosti, mchana, watoto wake wote wakiwa chumbani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia na kutulalia matanga, wafanyakazi wa chumba cha kufulia waliolinyoosha wenyewe vazi alilovishwa, na wanachama wa Chama cha Mkono Mmoja waliokesha nasi.

Leo ni Jumamosi, na kabla hajapoteza usemi aliagiza kwamba mtu yeyote asiondoke msibani bila kupimwa presha, kwa hiyo tukitoka makaburini mtamkuta muuguzi kwenye meza iliyo karibu na lango, shemeji yetu ataanza, nasi tutamfuata nyuma yake.

Dada, pumzika sasa, kwa amani.