Marehemu Stellah Syokimau na Jumamosi Zake za Msituni

Stellah Syokimau Muasya alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 huko Mwala, Machakos, kifungua mimba wa marehemu Mzee Kivuva na marehemu Mama Kaindi. Alisoma hapo Mwala hadi darasa la saba, karo ikakosekana, akaja Nairobi kujifunza ushonaji.

Mwaka 1983 aliajiriwa kushona mashuka na mapazia katika hospitali moja Upper Hill, akastaafu 2016. Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Joseph Muasya, wakajaliwa wavulana wawili. Joseph aliitwa na Bwana mwaka 2012.

Alipostaafu alijiunga na watu wa kutazama ndege. Msimu wa mvua ndefu ukifika, kila Jumamosi alfajiri alitoka nyumbani, nyuma ya maduka ya Adams Arcade, darubini shingoni, kwenda msituni kuwaona ndege wadogo waimbaji wanaopita hapa wakirudi Ulaya. "Safari yote hiyo na bado wanaimba," alisema. "Mimi ngazi tu nalalamika."

Basi midomo ikafunguka. Ati mjane haamki mapema hivyo bure! Ati msituni kuna mzee! Tarehe 6 Aprili 2019 akina mama watatu wa chama chake cha kanisa, wakiongozwa na Mama Waringa, walimfuata hadi msituni, viatu vya ibada vikizama matopeni. Walimkuta chini ya mti pamoja na wenzake, Mwalimu Were akimwonyesha ndege tawini.

"Tumekupata leo!" Mama Waringa akapiga ukelele. Ndege akaruka.

"Mmemfukuza," Syokimau akasema. "Ana bara zima la kuvuka, alikuwa anapumzika tu. Hata yeye hamwezi kumwacha?" Akamnyooshea darubini. "Haya, mama, tazama hao wengine. Ndio waume zangu."

Mama Waringa hakutazama. Jumapili iliyofuata Syokimau alivuliwa kitambaa cha chama mbele ya kanisa zima. Hakuhama. Aliketi benchi la nyuma miaka sita, na hakuna aliyemwambia pole.

Oktoba 2024 figo zake zilishindwa kufanya kazi. Chama hakikufika hata mlangoni. Waliompeleka kusafishwa damu kwa zamu, wakambeba ngazi zikimshinda, ni Mwalimu Were, Namalwa na wenzao wa msituni. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Aprili 2025, dirisha likiwa wazi kwa ombi lake mwenyewe.

Ameacha wanawe Mwangangi na Musembi, mkaza mwana Kui, wajukuu watatu, na dada yake anayesoma haya.

Leo akina mama mmekuja na sare zenu zimepigwa pasi, na mmeomba kubeba jeneza kama desturi. Familia inasema hapana. Kuimba mnakaribishwa. Atabebwa na waliozoea kumbeba.

Syokimau, pumzika kwa amani. Safari hii hakuna wa kukufukuza.