Taarifa Isomwe Kwanza kwa Wenyewe

Ndugu Mkurugenzi, waheshimiwa madiwani, viongozi wetu wa dini, wafanyakazi wenzangu, na nyinyi wageni mliotoka vijijini kuja kuniaga: wazee wangu, shikamooni, vijana, hamjambo?

Nimeombwa niseme machache kuhusu namna ninavyoandika Kiingereza, maana ndiyo kazi niliyoifanya katika shirika hili hadi leo ninapostaafu: kuwaandikia wafadhili habari za visima na mabwawa yetu. Watu hudhani nina kamusi kubwa. Sina. Nina masharti yangu tu. Sentensi ikinikata pumzi, naigawa. Nikiandika kwamba pampu imeharibika, namtaja na aliyeiharibu, hata kama ni sisi. Na sharti lililo juu ya yote: taarifa yoyote, kabla haijatumwa, naisoma kwa Kiswahili mbele ya watu wenye shida yao. Hili la mwisho nasikia linataka kufutwa, eti linachelewesha kazi. Ndugu Mkurugenzi, wewe ni mtu msikivu, na leo umekaa meza kuu ambako huwezi kutoroka, kwa hiyo nitalitetea.

Kuna kijiji kimoja kule Chemba, kisima chake kilitoa maji ya chumvi. Watoto wakiyanywa, wanaharisha. Nikaandika hivyo hivyo, kwa maneno mepesi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Khalidi, aliyejua Kiingereza kidogo, akakasirika. "Mama Penina, unatuandikia Kiingereza cha darasa la tatu? Weka maneno mazito, Wazungu watuheshimu!" Kijana wetu wa ofisini, Fabian, akamtengenezea taarifa nyingine, nzito kweli kweli, na alipoisoma mkutano mzima ulipiga makofi bila kuelewa hata neno. Nikamwomba airudie kwa Kiswahili. Akajitahidi, maskini: "Zipo changamoto mtambuka za ubora wa rasilimali husika, zinazohitaji mikakati shirikishi." Ndipo Bi Zaitun, mama mmoja wa pale kijijini, akauliza, "Sasa hapo maji yako wapi?"

Tulicheka, na Fabian alicheka kuliko sote. Lakini mimi niliogopa, ndugu zangu. Ingetumwa ile nzito, nani huko ng'ambo angejua kwamba watoto wanaumwa? Tulituma ile nyepesi, na kisima kingine kikachimbwa. Sisemi Kiingereza changu ndicho kilichotoa maji. Nasema wale watu walijua ni kitu gani kinaombwa kwa jina lao, na hiyo ni haki yao.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Gladness, anayeshika nafasi yangu, ameandika taarifa ya bwawa la kunyweshea mifugo kule Mlali. Ni binti mwenye akili, nami nampenda. Taarifa hiyo inatumwa kesho asubuhi, na watu wa Mlali hawajaisikia. Lakini wako hapa ukumbini. Mzee Bartolomayo, nakuona hapo nyuma. Ndugu Mkurugenzi, kama shida ni muda, basi muda upo: ratiba inanipa nafasi ya kuzungumza bado, na nafasi hiyo nampa Gladness. Pilau itatusubiri.

Nawashukuru kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, na asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa mpeni na yeye. Gladness, mwanangu, njoo hapa mbele uwasomee wenyewe.