Mama Majani na Mwembe wa Kona

Baada ya miaka thelathini na moja katika maabara yetu ya kutambua aina za matunda, Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Majani anastaafu. Nimepewa heshima ya kuandika habari zake.

Alianza na rula, kioo cha kukuzia na pua yake. Husugua jani changa la mwembe kiganjani, akanusa, akatabasamu. Vipimo vya vinasaba vilipoletwa, wengine walinuna. Yeye alikuwa wa kwanza kujiandikisha mafunzoni. Kwake, umbo la tunda na vinasaba ni mume na mke: ukimsikia mmoja, msikilize na mwenzake. Mimi niliyeolewa mwezi uliopita nakubali kwa mikono miwili!

Mwezi huu bustani ya maabara yetu inapunguza miti ya aina zinazojirudia ili miche mipya ipate nafasi. Vipimo vilionyesha kwamba mwembe wa kona na ule wa karibu na tangi la maji ni aina moja, na wa kona ukapakwa alama nyekundu ya kukatwa Jumatatu inayokuja. Mama Majani hakuamini. Embe la kona ni refu, lenye ncha kama mdomo wa kasuku. La tangini ni mviringo kama mpira. Akawa haketi. Anatoka, anarudi, anatoka tena. Tukamtania kwamba kiti chake kitamsahau. Akatujibu kwamba kiti hakikatwi Jumatatu.

Wiki iliyopita akagundua kosa, tena lake mwenyewe. Kwa sababu ya goti linalomuuma, alikuwa amechuma majani ya chini, kwenye machipukizi yaliyoota chini ya pale kila mti ulipounganishwa na shina la mwembe mwingine. Kumbe alipima yale mashina ya chini ya kupandikizia, ambayo kweli ni ya aina moja, wala si miembe yenyewe inayozaa juu yake! Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akapanda ngazi, goti na maumivu yake, akachuma majani ya juu.

Majibu yametoka leo nikiandika: ni aina mbili. Ameikwangua ile alama nyekundu kwa kisu chake, na sasa anazunguka uwanja wa nyuma akiitafutia miche mipya mahali pengine.

Mama yetu, asante kwa kutufundisha kutazama mara mbili. Goti lipone, na uishi kwa raha na uwapendao. Ila funguo za maabara, tafadhali, tuachie.