Ndama Sita Wenye Chapa ya Tisa

Jina langu ni Kebonye, nilimtangulia mdogo wangu Oagile kuzaliwa kwa miaka minne, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake leo tunapomzika, na mjomba Rantao ameniomba niyafupishe, ombi ambalo nimelisikia.

Oagile Sebonego alizaliwa tarehe 9 Machi 1969 hapa Moshupa, akaanza shule ya msingi Januari 1976, akarudia darasa la kwanza na la pili. Mwalimu wake, ambaye simtaji kwa kuwa naye amezikwa hapa hapa, alimsimamisha kila Ijumaa asome ili wenzake wacheke, kisha akamwandikia baba kwamba mtoto huyu hafundishiki. Mimi nilikuwa darasa la saba, nilikisikia kile kicheko kupitia dirisha, na hadi leo sijakisahau.

Mwaka 1981 alipelekwa malishoni kwa mjomba, akamjua kila ng'ombe kwa rangi, kwa pembe na kwa mama yake. Agosti 1983 alipewa chuma cha moto apige ndama chapa yetu, ambayo ni namba sita, akakishika juu chini, ndama sita wakatoka na tisa, chapa ya jirani yetu Kelapile. Kelapile alikuja, akawatazama, akasema, "Rantao, zawadi nimeiona, ila huyo mtoto muulizeni anaona nini," akacheka na kuwaacha ndama wetu. Mjomba hakuuliza, alimpeleka kwenye baraza la kijiji akachapwa viboko vinne kama mwizi, na watu wazima wote waliokuwepo waliona ni sawa.

Kuanzia 1990 alikuwa fundi mwashi, akipima kwa kamba yenye mafundo, na ukuta mnaouegemea sasa aliujenga yeye. Tarehe 12 Aprili 2008 alimwoa Gaone, wakampata Larona tarehe 2 Oktoba 2012.

Larona alipoanza kuchanganya herufi, baba yake hakumchapa, alimpeleka mjini Mei 2021, kwenye kituo wanakopima watoto wanaopata shida ya kujifunza. Mwalimu wa pale, mama anayeitwa Mma Dikgang, alimwambia kwa heshima, "Rra, akili ya mtoto haina kasoro, herufi ndizo hazimtulii, afundishwe kwa sauti na kwa kuzichora kwa kidole, kwenye mtihani asomewe maswali na aongezewe muda." Oagile akauliza, "Na mtu mzima je?" Akapimwa siku hiyo hiyo, akiwa na miaka hamsini na miwili, akaambiwa kwamba shida ni ile ile, na kwamba hakuwa mjinga hata siku moja. Alinipigia simu akilia. Barua ya kituo yenye maelekezo hayo aliipeleka mwenyewe shuleni kwa Larona, wakaitia kwenye droo, na iko humo mpaka leo.

Kuhusu ugonjwa, alikuwa na shinikizo la damu, na mwezi Juni mwaka huu zahanati ilimpa barua ya kwenda hospitali kuu upesi. Barua hiyo tuliikuta kwenye koti lake, haijafunguliwa, kwa sababu aliona haya kumwomba mtu amsomee. Alianguka kazini Ijumaa, akafariki Jumapili, tarehe 16 Julai 2023. Haya hiyo hakuzaliwa nayo, alifundishwa, na waliomfundisha wengine wamekaa viti vya mbele.

Tunawashukuru madaktari waliohangaika naye siku mbili, majirani waliopika na kuosha masufuria wiki nzima, na mafundi wenzake waliochimba kaburi bila kuombwa. Mma Dikgang, asante kwa kufunga safari. Shule sikuitaja kwenye shukrani hizi, na si kwa kusahau.

Jana kwenye kikao cha familia mjomba Rantao alisema, mbele ya mtoto, "Huyu ni baba yake mtupu, msimpotezee muda, aje anisaidie kuchunga mbuzi," na wengi walitikisa kichwa kukubali. Mjomba, nakuheshimu, lakini maneno yale yananuka. Jumatatu nitakwenda na Larona shuleni, nitakaa mlangoni kwa mwalimu mkuu na kiti changu mwenyewe, hadi barua ile itoke kwenye droo na isomwe kwa sauti.

Ndugu yangu Oagile, pumzika sasa, mwanao haendi malishoni.