Mama Bila Mkubwa

"Mimi nikiulizwa napenda nini zaidi kwetu, nitasema hiki," fundi cherehani alimwambia muuguzi aliyekaa naye kiti kimoja basini. "Dada wa mama hawi mtu wa kando, ni mama mkubwa. Mtoto hakosi mama."

"Hicho ndicho kinachoniua, dada," muuguzi akajibu. "Nilimwachia dada yangu binti nikaenda masomoni. Huku nyuma neno 'mkubwa' likadondoka. Sasa yeye ndiye mama, mimi mama mdogo. Leo namfuata mwanangu."

"Utamng'oa tu hivyo, mdogo wangu?"

"Nimemzaa mimi!"

"Ulipokuwa na shida alikuwa mama wa pili. Umemaliza masomo, amekuwa mwizi?"

Abiria wa kiti cha nyuma wakaacha kutafuna karanga. Mambo ya watu yana utamu wake. Muuguzi alitaka kumkaripia, ila akageukia dirishani.

Basi likasimama. Kituoni, mtoto aliyeshikwa mkono na dada wa muuguzi alimwona dirishani, akarukaruka kwa furaha. "Mama mdogo! Mama mdogo!"

Muuguzi akainuka, akafika mlangoni, akaganda.

"Shuka, dada," kondakta akamhimiza. "Si unaitwa?"