Kilichonguruma Kabla ya Mawe

Asubuhi ya Jumatano, mtaa mzima wa Hai Malakal haukuwa na habari nyingine. Mabati yalikuwa yametobolewa, mbuzi wa jirani alikuwa anachechemea, na matope ya barabarani yalikuwa yamejaa majani yaliyokatwakatwa kama mboga ya sufuria. Kwenye benchi la Erina, Mganda aliyeuza kahawa karibu na fundi wa matairi, wateja watatu walikuwa wameshakaa hata kabla makaa hayajashika moto. Ater, aliyeitwa Waziri kwa sababu tangu amani isainiwe alikuwa anasubiri kuteuliwa, alivaa suti yenye tope kavu kifuani. Riang, aliyelelewa Kenya na kurudi na jina la Nairobi, alikuwa na nundu kichwani. Wa tatu alikuwa Yafesi, Mganda mwenzake Erina, dereva wa boda wa kule Sherikat, ambaye walimwita Full Tanki kwa kuwa maneno hayamwishii. Leo alikuwa kimya, na alikuwa na sababu.

Jana yake alasiri, wingu jeusi lilitanda upande wa Gudele likaanza kunguruma bila kukatika. Haikuwa radi ya kupiga na kunyamaza. Ulikuwa mngurumo mmoja mrefu, unaosogea, mpaka vikombe vikatetemeka kwenye sinia. Ater akajitupa mtaroni. Riang akaingia chini ya meza, akajigonga kichwa. Yafesi, akiamini kwamba dunia imefika mwisho, alikumbatia nguzo ya kibanda akamwambia Erina kwa sauti yake yote maneno aliyoyabeba mwaka mzima:

— Erina! Kahawa yako ni mbaya! Mimi nakujaga hapa kukuona wewe!

Kisha mawe ya barafu yakaanza kupiga mabati, yakapiga mpaka yakachoka, na dunia ikabaki palepale.

Sasa Yafesi hakujua kama Erina alisikia. Kilichomkosesha usingizi zaidi ni kwamba huenda alisikia ule mwanzo tu.

Erina alikuwa anapepea jiko, hamtazami mtu. Ater ndiye aliyeanza.

— Ile ilikuwa Antonov, ndege ya mabomu.

— Waziri, vita iliisha, buda, alisema Riang. Antonov gani inamwaga barafu?

— Wewe ulikuwa Nairobi unakula chipsi. Mimi nimelala kwenye mashimo miaka na miaka. Mwili wangu ukisikia sauti kama ile, hauniulizi ruhusa.

Riang aliangalia tope kwenye ile suti, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakucheka.

— Sawa, mzee wangu. Lakini jana hakukuwa na ndege.

— Basi sema wewe.

— Ni mafuta. Si tunaambiwa chini ya ardhi kuna mafuta? Wasee wa kaskazini walifungua bomba jana wakavuta yote mara moja. Ushawahi kunywa soda na mrija ikabaki kidogo? Ile kelele ya mwisho, krrrr! Ndiyo hiyo.

— Na barafu?

— Hiyo ni gesi. Ikipanda juu inaganda.

Ater alitikisa kichwa kama mtu anayekataa barua isiyo na muhuri.

— Hapana. Wallahi, ni sensa. Mwaka huu si tunahesabiwa? Huku chini walipokosea, huko juu wakaamua kuhesabu wenyewe. Ile ilikuwa mbingu nzima inasoma majina.

— Lako lilisomwa?

— Sikungoja. Nitahesabiwa nikiwa na cheo.

Yafesi aliona nafasi yake. Yeye hakujali kilichonguruma ni nini, ili mradi kilinguruma sana.

— Nyinyi wote hamujui. Wingu ilishuka Fula, pale mtoni penye maji ya kasi, ikakunywa maji pamoja na mawe. Mawe ikakuwa inagongana ndani ya tumbo yake. Ndiyo maana kelele ilikuwa kubwa hivi! Mutu hakuweza kusikia mwenzake. Hata mutu angesema kitu, kitu yoyote, hakuna mwenye angesikia. Si ndiyo, Erina?

— Sijui, alisema Erina. Kwani kuna mtu alisema kitu?

— Aa, hapana! Mimi nasema tu mfano.

Erina aliinua jebena, birika lake la udongo, akamimina. Kikombe cha kwanza alimpa Yafesi. Kahawa ilikuwa imeungua kama kawaida, na tangawizi ilikuwa nyingi kiasi cha kutibu mafua ya mtaa mzima. Yafesi aliigugumia yote kwa mkupuo mmoja, machozi yakamlengalenga.

— Tamu! alisema, kwa sauti iliyowafanya watu wa matairi wageuke. Tamu sana!

Hapo akafika Loku, fundi wa mabati aliyeitwa kuziba matundu ya kibanda. Hakuwahi kukaa benchi lile. Aliweka nyundo chini, akapewa kikombe, akaonja. Akatulia. Akaonja tena, kama anayempa mtu nafasi ya kujirekebisha.

— Samahani, mama. Hii kahawa iko hivi kila siku?

— Kila siku, alisema Erina.

Loku akawageukia wale watatu, bila ubaya wowote.

— Sasa nyinyi mnakuja kwa nini?

Ater alianza kukwangua tope la suti yake. Riang akapapasa nundu. Yafesi akawatazama mmoja mmoja, na polepole akaelewa kwamba mwaka wote ule hakuwa peke yake.

— Jana mtu mmoja alijaribu kunieleza, alisema Erina, akifunika makaa kwa majivu. Lakini nilisikia nusu.

— Nusu gani? aliropoka Yafesi.

Wote wakamgeukia. Erina alimwaga kahawa iliyobaki kwenye matope, akajifunga leso vizuri, akasogea mpaka kwenye pikipiki ya Yafesi.

— Nipeleke sokoni Konyo Konyo, nikatafute kahawa nzuri. Benchi limefungwa.

— Na mimi ndio kwanza nimefika! alilalamika Loku.

Yafesi aliwasha pikipiki, Erina akapanda nyuma. Walimpita fundi wa matairi, wakakwepa dimbwi la kwanza, kisha la pili. Erina akamwinamia sikioni.

— Ile ya kahawa niliisikia vizuri sana. Sema ile nyingine.

Yafesi akapunguza mwendo, akasogea pembeni mwa barabara, akazima injini.