Bi Florence Amefariki, Hata Ndugu Wakikataa

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, dukani na makazini, nipeni masikio yenu. Bi Florence Kaviha wa Port Reitz amefariki. Alifariki Jumatatu ya wiki iliyopita, hospitalini, baada ya kuugua kiharusi. Nalisema hili taratibu, kwa sababu ndugu yake wa tumbo moja alikuja hapa stesheni kuniomba nisiliseme. Bi Florence amefariki.

Kwa kawaida kipindi hiki hukipaka asali. Leo asali imekwisha. Velma, binti wa marehemu kaka yake, ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho, na ameniambia, "Dada, yaseme yote. Shangazi hakuwa mtu wa kuficha." Basi nayasema.

Florence alizaliwa Kaloleni, akaja Changamwe akiwa msichana. Alifua mashuka katika hoteli moja ya Shelly Beach mpaka vidole vikamchubuka. Hapo ndipo aliposikia kwamba Uingereza wanatafuta watu wa kutunza wazee. Akaenda. Alifika mji wa Leeds, kwenye baridi ya kukata masikio, akawa anakogesha wazee wa watu, anawalisha, anawabadilisha, na wakati mwingine anawashika mkono wakikata roho. Watoto wao hawakuwapo. Yeye alikuwapo.

Huku nyumbani kazi hiyo ilichekwa. Aliyecheka kuliko wote ni Cindy, mke wa Morgan. Morgan ndiye mdogo wake Florence. "Wifi yangu anafuta mikojo ya Wazungu," Cindy alikuwa akisema saluni, huku amevaa viatu alivyotumiwa na wifi huyo huyo. Viatu havikumnukia mikojo, nadhani.

Miaka ikapita, mama yao akaugua, akawa wa kitandani. Morgan alikuwa akiishi ua mmoja na mama. Lakini Morgan, wasikilizaji, ana mgongo. Mgongo wake huuma penye kazi tu. Basi aliyeitwa kuja kumuuguza mama ni Florence, kutoka Ulaya. Akaacha kazi, akarudi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo. Kule Uingereza mshahara wake ulikatwa kidogo kwa ajili ya pensheni ya serikali. Lakini ili uipate uzeeni, sharti uwe umechangia miaka fulani. Florence alirudi kabla ya kuitimiza. Akaandika kuuliza. Akajibiwa kwamba miaka iliyopungua anaweza kuichangia mwenyewe, kwa hiari, hata akiwa Kenya. Kwa hiari, wasikilizaji. Hakuna wa kumlazimisha.

Akafungua kibanda cha kushona sare za shule. Kila mwaka alitenga faida, akaenda benki kuipeleka Uingereza. Mara ya kwanza karani alimtazama kwa huruma. "Mama, umetapeliwa? Wenzako hupokea kutoka huko. Wewe wapeleka?" Florence akacheka. "Napeleka, mwanangu. Nayo itarudi."

Nyumbani hawakucheka naye. Walimcheka. Morgan aliitisha kikao cha ukoo, akasimama mbele ya watu wazima akasema, "Dada yangu ni mjinga. Mkoloni alikula, akashiba, akaenda zake. Huyu anamfuata na sahani!" Watu wakapiga makofi. Morgan hakuwa na uchungu wa ukoloni. Morgan alitaka pesa hizo zitiwe kwenye mradi wake, na miradi ya Morgan mtaa mzima unaijua. Kuku walikufa. Pikipiki iliuzwa vipande vipande. Aligombea udiwani, na hata mkewe, nasikia, siku ya kura alikwenda kusukwa.

Velma alikuwapo kwenye kikao hicho. Anakumbuka shangazi yake hakuinua sauti. Alisema, "Mikono hii imekogesha wazee ambao watoto wao walikuwa hai. Nimeona mzee anavyoomba uji. Nikizeeka, sitaki kumpigia mtu magoti." Kisha akachukua mkoba wake, akaenda kibandani. Kulikuwa na sare za watu za kumaliza.

Alichangia hivyo mpaka miaka ikatimia. Alipofika umri, pensheni ikaanza kuingia. Hazikuwa pesa za kujengea ghorofa. Zilikuwa za dawa, samaki, na karo ya Velma, ambaye leo ni muuguzi. Alivaa leso mpya, akaketi barazani kwake, hakumwomba mtu chumvi.

Na ndimi zikageuka! Morgan akaanza kusema, "Dada yangu ana akili, tulishauriana." Cindy akawa analeta pilau kila Ijumaa, na watoto wa kusalimia, na bili za umeme. Florence aliipokea pilau. Bili alizirudisha pamoja na sahani.

Kisha kiharusi. Kisha hospitali. Kisha Jumatatu hiyo.

Kesho yake Velma alileta hapa tangazo la kifo. Halijasomwa, Morgan akaingia, jasho likimtiririka.

"Dada mtangazaji, tangazo la Florence lisimamishe kidogo."

"Kwa nini?"

"Mambo ya kifamilia."

Nikamwuliza, "Kwani amefufuka?"

Akaondoka akisema atanipigia simu, nami nikalishikilia tangazo nijue kwanza kuna nini.

Jambo lenyewe ni hili. Wenye pensheni yao huko, kila baada ya muda, hutuma karatasi kuuliza kama mlipwaji yungali hai. Mtu wa kuaminika, kama daktari au kiongozi wa dini, hutia sahihi kwamba amemwona. Karatasi hiyo ilifika Florence akiwa hospitalini. Morgan aliiona mezani. Yule mkoloni aliyekula akashiba, sasa Morgan aliona ana mabaki kwenye sufuria.

Akamwita Mchungaji Kombe, aliyehamia kanisa la jirani juzijuzi tu na hakuwahi kumwona Florence. Chumba cha marehemu kilikuwa kimefungwa mapazia. Kitandani alilala mgonjwa, kajifunika leso mpaka puani. Mgonjwa huyo alikuwa Cindy. Ndiyo, Cindy wa saluni! Aliyeona haya kuitwa wifi wa mfuta mikojo, sasa amevaa gauni la kulalia la wifi huyo.

"Dada hawezi kusema, Mchungaji," Morgan akaeleza. "Kiharusi."

Mchungaji akainama. "Bi Florence, wanisikia?"

Cindy akakoroma.

Mchungaji akatoa kalamu. Hapo Velma akaingia. Alikuja kuchukua gauni la kumvalisha maiti. Akasimama mlangoni, akatazama kitanda.

"Mama mdogo, shuka kitandani kwa shangazi."

"Velma, taratibu!" Morgan akanong'ona. "Mgonjwa amelala."

"Mgonjwa yuko mochari, baba mdogo. Natoka huko sasa hivi."

Kitandani leso ikashuka. Mgonjwa akaketi, akaanza kutafuta viatu kwa miguu. Mchungaji akafunika kalamu yake. "Nimeombea wagonjwa miaka mingi," akasema. "Sijapata kuona aliyepona upesi hivi."

Siku hiyo hiyo Velma alipiga simu Uingereza, akawaarifu kwamba shangazi yake amefariki. Pensheni ikafungwa. Morgan alimwita mchawi, mvunja nyumba, adui wa ukoo. Velma alimjibu, "Shangazi alilipa kwa haki. Hamtamfanya mwizi akiwa jenezani." Baadaye aliniambia kwamba alipokata simu ile ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, kwa sababu sasa ilikuwa kweli.

Maziko ni Jumamosi, Kaloleni. Morgan ameleta tangazo lingine, lenye namba yake ya kupokelea michango. Namba hiyo siisomi. Gharama za maziko Florence alizimaliza mwenyewe akiwa hai.

Kwako Velma, pole sana, mwanangu. Mungu akutie nguvu. Kwenu Bwana Morgan na Bi Cindy, poleni pia. Mnajua wenyewe mmepoteza nini.

Na wewe unayenisikiliza, uwe Changamwe, Kisauni au ughaibuni, ukiwa unachangia uzee wako na watu wanakucheka, waache wacheke. Lakini leo utakapoketi kula, watazame wanaokula nawe, na ujiulize: siku nikifa, ni nani kati ya hawa atakayekubali kwamba nimekufa?